Mikindani Ipi? Kompaila Inajua, na Iseme

“Soma kosa lako.” Ndilo jibu analopewa mwanafunzi wa programu kila anapokwama, darasani, kazini, hata barazani vijana wanapokaa na kompyuta mapajani. Nyuma ya maneno hayo mna imani iliyokwisha kuwa kama sheria: kompaila, ile programu inayoukagua msimbo ulioandika na kuugeuza uwe lugha ya mashine, haina lawama. Imekuonyesha faili, imekuonyesha mstari, imekutajia tatizo. Ukiwa bado huelewi, upungufu ni wako. Hujasoma vya kutosha, au Kiingereza chako kibovu, au kazi hii haikufai. Imani hiyo nimeisikia kwa walimu ninaowaheshimu na kwa mafundi walionizidi ujuzi, nami naipinga. Naipinga hasa kwa sababu ya kosa moja ambalo nimeona likiwavunja moyo vijana wa huku kwetu Mikindani kuliko mengine yote: wito wenye utata wa mbinu za jenerika.

Asiyeandika programu asiniache njiani, jambo lenyewe si gumu. Mbinu ni kipande cha programu kilichopewa jina na kazi yake. Ukitaka kazi ifanywe, unaliita jina na kuikabidhi mbinu thamani inazohitaji. Mbinu ya jenerika ni ile isiyochagua aina ya kitu inachopokea: leo jina la mtu, kesho namba, keshokutwa orodha nzima, kama kapu la ukindu lisilouliza limetiwa nazi au samaki. Mahali pa aina hiyo isiyotajwa huandikwa herufi, aghalabu T, na kompaila ndiyo inayobaini T ni nini kila mbinu inapoitwa. Java iliupata uwezo huo mwaka 2004, C# mwaka 2005. Lugha hizo pia huruhusu mbinu mbili au zaidi kuitwa jina moja, mradi zipokee vitu tofauti. Utata huzuka hapo: jina ni moja, mbinu ni mbili, na wito ulioandikwa unazifaa zote.

Jioni moja baada ya Maghribi binti mmoja ninayemfundisha alinijia na programu aliyokuwa akiwaandikia akina mama wa chama cha mtaani kwao. Ilikuwa ya kuweka hesabu ya michango. Alikuwa ameandika mbinu mbili, zote kaziita Weka. Ya kwanza ilipokea mwanachama wa aina yoyote T, kisha kiasi cha shilingi, ambacho ni namba kamili, yaani int. Ya pili ilipokea shilingi kwanza, mwanachama baadaye, kwa sababu mweka hazina na katibu kila mmoja ana mazoea yake ya kusoma daftari, naye alitaka kuwaridhisha wote wawili. Programu ilikwenda vizuri wiki mbili. Ukiandika Weka("Mwanaisha", 500), kompaila inaona jina la mtu haliwezi kuwa shilingi, inachukua mbinu ya kwanza. Ukigeuza, Weka(500, "Mwanaisha"), inachukua ya pili. Kisha chama kikaamua kuwapa wanachama namba, maana akina Mwanaisha walikuwa watatu. Binti akaandika Weka(12, 500). Programu ikagoma.

Kompaila ya C# ilimpa namba ya kosa, CS0121, ikamwambia kwamba wito una utata baina ya mbinu mbili, ikazitaja: Weka<T>(T, int) na Weka<T>(int, T). Ikaishia hapo.

“Mwalimu,” akaniuliza, “zote mbili si nimeziandika mimi mwenyewe? Na jana si zilikuwa zikienda? Utata umetoka wapi?”

Huyu binti kosa lake alilisoma. Alilisoma mpaka akalihifadhi. Na hakuketi tu: mwenzake alimwambia kwamba dawa ya matatizo ya jenerika ni kutaja aina waziwazi, basi akaandika Weka<int>(12, 500). Kosa likarudi vilevile, neno kwa neno. Ushauri huo, ambao aghalabu husaidia, kwake haukuwa na faida yoyote, kwa kuwa T ilikuwa int katika mbinu zote mbili. Hakukuwa na herufi hata moja kwenye ujumbe ya kumwambia hivyo. Alipoteza saa nzima akizibandua na kuzibandika alama zile za pembe, na alipofika kwangu alikuwa amekwisha kuanza kuamini kwamba yeye ndiye mjinga.

Sasa tazama kompaila ilifanya nini kabla ya kumpa ujumbe ule mkavu. Ilichukua mbinu ya kwanza, ikaijaribu: T ni int, mwanachama ni wa 12, shilingi ni 500. Ikafaa. Ikachukua ya pili: shilingi ni 12, mwanachama ni wa 500, T ni int tena. Ikafaa pia. Kisha ikazipambanisha. Katika thamani ya kwanza, mbinu ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu yenyewe inataka int mahususi ilhali mwenzake yuko tayari kupokea chochote. Katika thamani ya pili mambo yakageuka, ya kwanza ikawa na nguvu. Moja kwa moja, sare. Sheria za lugha zinasema panapokuwa na sare, simama. Ikasimama. Hatua zote hizo ilizipitia, ikawa na majibu yote mkononi, halafu ikayatupa na kumwachia binti majina mawili tu.

Ugomvi wangu uko hapo. Sisemi kompaila ibahatishe. Ingebahatisha, huenda mwanachama wa 500, ambaye hayupo, angeandikiwa shilingi 12, na mwanachama wa 12 aliyeleta mia tano zake mkutanoni angekuta daftari halina kitu. Pesa za akina mama si za kubahatishiwa. Kukataa kulikuwa haki. Ninachosema ni kwamba anayekataa huku akijua sababu ana wajibu wa kuitaja.

Mtaa wetu wenyewe ni mfano. Mikindani ziko mbili. Iko hii yetu, bara ya Mombasa, upande wa Jomvu na Changamwe, na iko ile ya Mtwara, kusini mwa Tanzania, alikoanzia David Livingstone safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Shangazi yangu wa Dar es Salaam aliwahi kupeleka kifurushi stendi akakiandika “Mikindani” tu. Karani hakumrudishia akimwambia anwani ina utata. Alimuuliza: “Mikindani ipi, mama? Ya Mtwara au ya Mombasa? Ya Mtwara gari linakwenda kusini, ya Mombasa linapitia Tanga na Horohoro. Andika Mombasa hapa chini.” Alitaja zote mbili, akaeleza kila moja inampeleka wapi, akamwonyesha neno la kuongeza na pa kuliandika. Kifurushi kikafika. Karani yule hakusomea sayansi ya kompyuta. Alijua tu kwamba aliye mbele yake ana Mikindani moja kichwani na hana habari kuna nyingine. Mwandishi wa programu naye yuko vivyo hivyo. Binti wangu alipoandika Weka(12, 500) alikuwa akiona maana moja tu, ile aliyoikusudia. Kumwambia “kuna utata” bila kumfunulia maana ya pili ni kumwambia kitu ambacho akili yake haina pa kukishikia.

Na sisi tuliosoma Kenya tuna ushahidi wa karibu zaidi. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne ina sehemu ya matumizi ya lugha yenye alama 40, na swali la utata ni la kawaida mno humo. Unapewa sentensi kama “Omari alimpigia Saidi mpira” na kuambiwa ueleze maana zake. Mtahiniwa anaandika: aliupiga mpira kuelekea kwa Saidi, aliupiga kwa niaba ya Saidi, alimpiga Saidi kwa sababu ya mpira. Kila maana ina alama yake. Akiandika “sentensi hii ina utata kwa sababu ya kitenzi alimpigia”, hapati kitu, maana hilo swali lenyewe limekwisha kulisema. Tunamdai mtoto wa miaka 17 azifungue maana zote moja baada ya nyingine, kisha tunaisifu mashine iliyoishia kwenye jibu la sufuri.

Ujumbe ninaoutaka ungekuwa hivi: “Wito Weka(12, 500) una maana mbili. Ya kwanza: mwanachama = 12, kiasi = 500. Ya pili: kiasi = 12, mwanachama = 500. Katika zote T ni int, kwa hiyo kutaja T hakutasaidia. Thamani 12 inaipa nguvu mbinu ya pili, 500 inaipa nguvu ya kwanza, hakuna iliyoshinda. Mpe mwanachama aina yake mwenyewe, au zipe mbinu majina tofauti.” Mistari mitano, sita. Hakuna kilichomo ambacho kompaila haikukijua, isipokuwa ushauri wa mwisho, na huo unatokana na sare yenyewe. Binti alipoelezwa hivyo alimaliza kwa dakika kumi: aliunda aina inayoitwa Mwanachama, namba akaitia ndani yake, na wito wake ukawa na maana moja.

Wanaonipinga wana hoja, na hoja zao nazijua.

Wa kwanza husema wataalamu hawahitaji haya, ni mambo ya wanaoanza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Titus Barik na wenzake, waliwakalisha wanafunzi 56 wa uhandisi wa programu, wakayafuatilia macho yao kwa vifaa walipokuwa wakirekebisha makosa ya Java. Walikuta wanasoma ujumbe wa kompaila, na kuusoma huko kulichukua kati ya asilimia 13 na 25 ya kazi. Tena walikuta kuusoma ujumbe ni kugumu karibu sawa na kuusoma msimbo wenyewe. Hao si watoto waliofungua kompyuta jana. Basi lile “soma kosa lako” linamwamrisha mtu afanye jambo ambalo tayari analifanya, na kumlaumu kwa ugumu uliotiwa na mwingine.

Wa pili husema tatizo ni Kiingereza, vijana wajifunze Kiingereza kwanza. Hoja hii inaniuma zaidi, kwa sababu inatolewa na watu wetu dhidi ya watu wetu. Kiingereza ni muhimu, sikatai. Lakini mpeleke Mwingereza aliyezaliwa London mbele ya ujumbe ule wa CS0121 uone kama atajua kwa nini jana ilikwenda na leo imegoma. Maneno yote atayaelewa, na hatajua. Kilichokosekana mle ni maana ya pili, na maana ya pili haimo katika lugha yoyote. Kwa sababu hiyohiyo siungani na wanaodhani tafsiri peke yake itatuokoa. Kompaila ya C# hutoa ujumbe wake kwa lugha 13 zaidi ya Kiingereza, zikiwamo Kituruki, Kicheki na Kipolandi, na Kiswahili hakimo. Ningependa kiwemo. Uwezo tunao: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo. Lakini ujumbe mtupu ukitafsiriwa hubaki mtupu. Kwanza ujazwe, kisha utafsiriwe.

Wa tatu ni wapya, na sauti yao ndiyo inayovuma sasa: kosa linakusumbua la nini, nakili, iulize akili unde. Mimi naitumia na sina chuki nayo. Lakini fikiria tunafanya nini hapo. Kompaila imezijaribu mbinu zote mbili na ina hakika ya kila hatua. Inanyamaza. Sisi tunauchukua unyamavu wake, tunaupeleka kwa mashine nyingine isiyoiona programu nzima, nayo inakisia yale ambayo ya kwanza iliyajua kwa yakini. Mara nyingine itapatia. Mara nyingine itashauri Weka<int>, kwa kujiamini kabisa, kama mwenzake binti alivyomshauri. Na kukisia huko aghalabu kunataka intaneti. Kijana wa Mikindani anayenunua bando la siku huhesabu kila dakika yake, na stima ikikatika mtaani betri ya kompyuta ndiyo pekee iliyobaki. Kompaila iko ndani ya kompyuta hiyo, haidai bando. Jibu likae huko lilikozaliwa.

Wa nne husema ujumbe mrefu unachosha. Hapa kuna ukweli, nami naukubali. Aliyewahi kuandika C++ amekutana na ukurasa baada ya ukurasa wa mbinu zilizokataliwa, orodha isiyokwisha, na kosa lenyewe limezama katikati. Hiyo siitetei. Lakini kuna tofauti kati ya kumwaga kila kitu na kueleza kilicholeta sare. Mbinu zilizoshindwa mapema hazina haja ya kutajwa; zitajwe zile mbili zilizofungana, na mahali zilipofungania. Watengenezaji wa lugha ya Rust walipobadilisha umbo la ujumbe wao mwaka 2016 waliweka kosa katika msimbo wenyewe, alama chini ya neno husika na maelezo mafupi pembeni yake, na anayetaka zaidi huomba maelezo ya namba ya kosa hilo hapohapo kwenye kompyuta yake. Evan Czaplicki alikuwa ametangulia kuonyesha kwa lugha yake ya Elm, mwaka 2015, kwamba kompaila inaweza kumsemesha mtu kama mtu. Mkongwe hupata mstari mmoja anaouhitaji, na anayeanza hupata njia ya kuendelea.

Lakini anayenipa nguvu kuliko wote ni Java. Ilitoka mwaka 1996, na tangu siku hiyo kila aliyeiandika amekutana na lile kosa la kutumia kitu kisichokuwapo. Programu ilikufa, ikataja mstari, basi. Mstari ukiwa na vitu vinne vilivyofuatana, ni kipi kilichokosekana? Utafute mwenyewe. Zaidi ya miaka 20 tuliambiwa hivyo ndivyo ilivyo, fundi hodari atakipata. Tulikubali. Tuliwafundisha wengine kukubali. Mwaka 2020 likaja toleo la 14, na Java ikaanza kutaja ni kitu gani hasa kilichokuwa tupu. Hakuna kanuni ya lugha iliyovunjwa, wala mafundi hodari hawakulemaa. Habari ile ilikuwa ndani ya mashine muda wote. Kilichobadilika ni kwamba watu fulani waliamua si haki kuificha, wakaketi wakaiandika. Python nayo ilifanya hivyo katika toleo la 3.10 la mwaka 2021, ikaanza kukuonyesha mabano uliyoyafungua ukasahau kuyafunga. Masaa mangapi ya vijana yalipotea kabla ya miaka hiyo, kwa jambo lililokuwa likijulikana?

Ndiyo maana nasema lawama imewekwa pasipo pake. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na za upili. Watoto wengi zaidi watakutana na mashine inayowakataa, wengine madarasani, wengine kwenye vyumba kama changu vya chini ya ghorofa, feni moja na kompyuta nne. Mwalimu atakayewaambia kwamba kila wasichokielewa ni ujinga wao atawapoteza wengi, na atakaowapoteza kwanza ni wale wasio na kaka wala mjomba wa kuwaeleza nyumbani. Binti wa chama alikuwa na mahali pa kuja kuuliza. Wenzake wengi hawana.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayeandika programu. Ujumbe wa utata ukikutokea, usiutatue ukausahau. Punguza msimbo mpaka ibaki mistari michache inayolizaa kosa, kama zile Weka mbili. Andika ulichodhani kinatokea, na kilichokuwa kikitokea kweli. Kisha upeleke kwa wenye kompaila. Kompaila ya Java msimbo wake uko wazi tangu mwaka 2006, ya C# tangu 2014, ya Rust pia uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuwaandikia walio nyuma yake, hata kuwapelekea marekebisho. Msimbo wa binti tumekwisha kuupunguza. Una mistari saba.